Neno la Kuitikia "Fish"

Kisegi, 2 Machi 2025

Kwako Nyar Kisii, binti wa Kisii,

Pokea salamu za huku kwetu. Mimi niko, ila goti linanisumbua nikipanda kutoka ufuoni na karai la dagaa wa omena. Mjukuu wangu Onyango je, kikohozi kimeisha? Na mwanangu Willis, mumeo, amerudi nyumbani, ama bado yuko Osiri anachimba dhahabu?

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Dholuo yako bado inachechemea, na mimi Ekegusii sijui hata salamu. Tutaelewana hivyo hivyo.

Mwezi wa tano Askofu anakuja kubariki mashua. Padre ametaka kwaya iwe na wimbo mmoja wa Kizungu, kwa ajili ya wageni. Wamama wameniachia mimi nitunge. Mstari wa kwanza umekuja vizuri: "Lord, You fill our nets with fish." Hapo nimekwama. Nataka neno la kumalizia mstari wa pili, liitikie "fish", mlio ufanane. Wewe ni mtu wa redio, maneno ndiyo kazi yako. Nisaidie mwanangu.

Mama yako,
Leonida

Migori, 4 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi cha Onyango kimeisha, sasa anakimbiza kuku wa jirani. Willis alikuja Jumamosi, akalala, akarudi Osiri. Pole na goti. Usibebe karai peke yako, mwite jirani yako Risper akusaidie.

Maneno yanayoitikia "fish" kabisa ni machache: "dish" na "wish". Kuna mengine yanayokaribia tu, lakini kwenye wimbo yanakubalika: "this", "miss", "rich". Jaribu uone lipi linakaa.

Niombee, Mama. Bado niko kwenye majaribio pale redioni. Nimewekwa kipindi cha asubuhi na mwenzangu anaitwa Duke, na bosi anasema sichekeshi. Mwisho wa mwezi ataamua nani abaki.

Mwanao,
Bochaberi

Kisegi, 9 Machi 2025

Nyar Kisii wangu,

Hamjambo huko? Sisi tuko salama, mvua imeanza.

"Dish" nimeikataa. Siwezi kusimama mbele ya Askofu nikamwimbia Mungu habari za sahani. "Wish" nayo ni kama mtu anayetamani nguo dukani. "Rich" Risper aliipenda, lakini nani hapa ni tajiri? Nimekaa na hayo maneno siku nyingi nikianika omena, kisha likanijia lingine lenyewe: "peace". Samaki na amani. Ufuoni kwetu hivyo viwili vinakuja pamoja ama vinakosekana pamoja. Nikiimba naona yanaitikiana sawasawa, "fish" na "peace".

Nimekutumia kwa simu sauti yangu nikiimba, usikie. Ni ya kusikia wewe tu, bado haijaiva. Niambie ukweli kama inafaa.

Nakuombea kuhusu kazi.

Mama,
Leonida

Migori, 11 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, natumai goti limepoa. Sauti nimeisikia, ni nzuri sana. Endelea hivyo hivyo. Nisamehe nimeandika kifupi, kazi imekuwa nyingi. Lakini Mungu amesikia maombi yako: leo bosi ameniambia ninabaki.

Bochaberi

Kisegi, 23 Machi 2025

Kwako Bochaberi,

Natumai mko wazima. Mimi mwili hauna neno.

Jana nilikuwa sokoni na Risper. Mwenye kibanda cha kuchaji simu alikuwa amefungua redio yenu. Nikasikia mwanamke anaimba, halafu watu wanacheka. Nilidhani nimechanganyikiwa. Nikamuuliza Risper, "Huyo si mimi?" Akainama akapanga nyanya zake. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mama, wanaicheza kila asubuhi. Tulidhani unajua. Tulidhani ulikubali."

Kumbe kila mtu anajua. Kumbe ndiyo maana watoto wa shule wakinipita wanasema "fis, fis" wakikimbia.

Nilisikia mwanamume akiuliza, "Mama, hiyo ni fish ama ni fees?" Halafu nikasikia kicheko chako. Nakijua kicheko chako, ulicheka hivyo siku Willis alipokuleta nyumbani.

Nilikuomba uniambie ukweli kama inafaa. Ungeniambia tu.

Leonida

Migori, 24 Machi 2025

Mama,

Sijui nikusalimu vipi. Nimesoma maneno yako kwenye simu nikiwa jikoni, nikazima stovu nikakaa chini.

Ni mimi niliyeicheza. Duke hakuiiba. Asubuhi ile tulikuwa tumeishiwa na la kusema, bosi amesimama nyuma ya kioo amekunja uso. Simu yangu ilikuwa mkononi. Nilisema, "Sikieni huyu mama wa ziwani na Kizungu chake, 'fish' anaiita 'fis'." Sikutaja jina lako, na nilijidanganya kwamba hilo linatosha. Watu wakapiga simu wengi kuliko siku nyingine yoyote. Bosi akacheka. Kabla hatujatoka studio alikuwa ameniambia kazi ni yangu, na sauti yako itafungua kipindi kila siku.

Nikakuandikia siku hiyo hiyo kwamba ni nzuri, na sikukwambia nilichofanya. Kila asubuhi nimekuwa nikiisikia nikiwa nimevaa vile vitu vya masikioni, nikiangalia meza.

Huko kwetu Rongo nilipokuwa shule nasi Wakisii tulichekwa kwa tunavyotamka. Niliyajua maumivu yake vizuri, Mama. Bado nikafanya.

Nisamehe.
Bochaberi

Migori, 1 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nimepiga simu, hushiki. Willis amesikia habari huko Osiri, wachimbaji wenzake walikuwa wakiiga sauti wasijue ni ya nani. Alikuja, akamsalimu mtoto, mimi akanipita.

Leo asubuhi nimekuomba msamaha hewani. Nimesema huyo mama ni mama mkwe wangu, anaitwa Leonida wa Kisegi, na nilimkosea. Nililia. Wasikilizaji wengi wamepiga simu kunipa moyo.

Bochaberi

Kisegi, 3 Aprili 2025

Bochaberi,

Hujambo.

Kwanza walikuwa wakimcheka mama wa ziwani tu. Sasa wanamcheka Leonida wa Kisegi. Risper anasema ulipomaliza kulia, Duke aliicheza tena ili watu wajue unaombea nini msamaha.

Na hilo la kunitaja, uliniuliza lini?

Kwaya nimewaachia wenyewe.

Leonida

Migori, 19 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo, na Pasaka njema. Onyango anakuulizia.

Uliyosema ni kweli. Nilitaka watu wanisamehe wao, kwa sababu wewe ulikuwa umenyamaza na sikuweza kuvumilia huo ukimya. Nimekukosea mara mbili kwa mdomo ule ule.

Nilienda kwa bosi nikamwambia sauti itolewe. Akasema, "Unataka kuua kitu kinachokulisha?" Nikamwambia ni sauti ya mama yangu na hakuwahi kuitoa ichezwe, na kama itachezwa tena Padre wenu na mwanasheria wake watakuja pale mlangoni. Hilo la Padre nilitunga, Mama, ongeza kwenye makosa yangu. Sauti imetolewa. Nami nimetolewa kwenye kipindi, nipo chumba cha nyuma napokea matangazo ya vifo na harambee.

Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia ili ukipita sokoni usiogope redio.

Bochaberi

Kisegi, 12 Mei 2025

Nyar Kisii,

Salamu kwako na kwa mtoto. Goti ni lile lile.

Jana Askofu alikuja. Wiki iliyopita wamama wa kwaya walikuja hapa kwangu wote, wakakaa kwenye nyavu za omena, wakasema hawaondoki mpaka niwafundishe ule wimbo. Nilitaka kubadilisha lile neno. Risper akanijia juu: "Utaweka nini, sahani?" Tukacheka, mara ya kwanza tangu ile siku.

Tuliuimba vile vile, "fish" na "peace". Askofu alikuwa akitikisa kichwa pole pole kufuata wimbo. Wageni walipiga makofi. Hakuna aliyecheka.

Lakini nikwambie ukweli, mwanangu. Wimbo wenyewe sikuusikia. Tangu mwanzo hadi mwisho nilikuwa nasikiliza watu, nangoja kicheko. Wenzangu wanasema ulikuwa mtamu. Inabidi niwaamini.

Hilo ndilo lililobaki, na sijui litaondoka lini. Sitakudanganya kwamba limeisha. Ila sitaki ulibebe peke yako huko chumba cha nyuma.

Shule zikifungwa njoo na Onyango. Njoo mchana, kuna omena nyingi ya kuanika na mgongo wangu umechoka. Usiniombe msamaha mlangoni, nitashindwa kujibu mbele ya majirani. Shika karai tu, tufanye kazi. Nikiweza kusema, nitasema.

Mama