Karatasi ya dawa ya Lisette

Vainqueur, leo mjinga ni mi. Cheka kwanza, halafu soma.

Unajua dada yangu Lisette alianza dawa za sida, yaani UKIMWI, wiki mbili zilizopita. Kifaransa hajui, akanipa karatasi ya dawa nimusomee. Nikamusomea saa za kumeza tu. Pale wanasema ukiona vipele na homa kimbia kwa daktari, nikaparuka. Niliparuka nikijua.

Jana vipele vikamutoka mwili mzima. Mi nikamutania eti mbu wa kwetu Kanyosha wanamupenda.

Leo macho yamevimba, homa inamuchoma. Tuko hospitali, wamemusimamishia dawa.

Daktari akauliza nani alimusomea. Nikajitetea: nilificha asiogope, asiache dawa.

Lisette akafungua mudomo wenye vidonda: "Nilikuomba kusoma. Kuogopa ningeogopa mwenyewe."