Fimbo Yangu Iko Nyumbani

Jumapili, 9 Agosti 2015. Riyadh
Nimeosha gari mara mbili. Vumbi la hapa halina adabu. Madam, mke wa bosi, sokoni, madam saluni, madam sokoni tena. Mchana Mwalimu Lotee, mkuu wa chuo chetu kidogo cha mifugo kule Pokot, akapiga simu. Chuo kikuu cha kilimo kimekubali hatimaye. Watashirikiana na chuo chetu kuchanja mbuzi bure, waanze na kijiji chetu. Ugonjwa wenyewe, sotoka ya mbuzi, umeshavuka mto. Nikaimba garini peke yangu. Kisha nikakumbuka sharti.

Jumatatu, 10 Agosti
Sharti ni hili. Zamani walikuja wageni wakadunga mbuzi, mimba zikatoka, wageni wakapanda magari yao. Basi nilipowaombea hawa wa chuo kikuu, wazee walisema: mleta mgeni husimama na mgeni mpaka kazi iishe. Nikakubali mbele ya wote. Mradi ukalala. Chuo chetu hakikuwa na mshahara wa kunipa, na mkono mtupu haulambwi. Nikaja huku kuendesha gari.
Nimemwomba bosi ruhusa ya kutoka nchini, nikasimame na wageni wangu. Pasipoti anayo yeye. "Bukra, inshallah." Kesho, Mungu akipenda. Bukra ya bosi haina mwisho.

Ijumaa, 14 Agosti
Mafi ruhusa, hakuna. Familia inakwenda Jeddah kupunga upepo na dereva ni mimi. Nimeuliza tena. "Halas!" Basi, yamekwisha. Nina hasira hadi meno yanauma.

Jumapili, 16 Agosti. Jeddah
Nimeegesha gari mtaa wa Ruwais, nangoja madam. Wazee wamekaa leo kuamua kama chanjo ianze bila mimi. Nilimwomba mke wangu, Cheptoo, apeleke simu barazani nizungumze nao.
Kwetu hakuna asemaye barazani ameketi, wala mikono mitupu. Unasimama, fimbo yako mkononi. Yangu niliiacha ukutani. Mwalimu Lotee akaipokea simu kwa Cheptoo, akaiinua kwa mkono mmoja, fimbo yangu kwa mwingine. Tulijiona werevu. Wazee wakacheka. Mmoja nilimsikia vizuri: "Hiyo fimbo mwenyewe yuko wapi? Mwambie aje." Nikapiga kelele kwenye simu kama chizi. Walikuwa wameshakataa, wameingia shauri la malisho.

Jumanne, 18 Agosti
Barafu ya chanjo haisubiri. Wa chuo kikuu wamehamia kijiji kingine. Siwalaumu. Hapana, nawalaumu. Wazee pia. Na mimi.
Cheptoo hakuniuliza. Kabla hawajaondoka aliswaga mbuzi wake wanne hadi chuoni kwetu, wakachanjwa. Nimemsifu sana.

Jumamosi, 12 Septemba. Riyadh
Sotoka imefika kijijini. Makamasi, vidonda mdomoni, kuhara. Zizi la kaka yangu ni tupu. La jirani pia. Wale wanne wa Cheptoo wanacheua tu, kama hawajasikia habari.
Sasa kijiji kinasema nilijua. Kwamba niliokoa wangu, nikawaachia wenzangu kifo. Kisimani hakuna anayemsalimu mke wangu. Nataka kujitetea. Kwa njia gani? Kwa simu?
"Baba Limo," Cheptoo aliniambia kwenye simu, "heri hawa nao wangekufa."
 

Alhamisi, 17 Septemba
Bosi, ruhusa. Bukra.

Jumanne, 22 Septemba
Idi ya kuchinja imekaribia. Nimempeleka bosi mnadani. Amechagua beberu mweupe. Kabla hajalipa, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikamfungua yule mnyama mdomo, nikatazama ufizi, nikampangusa pua. Safi kabisa.
"Kwais?" bosi akauliza, yaani ni mzima?
Kwais, baba.
Nikampakia nyuma. Nikamfunga kamba vizuri asiumie njiani, tukarudi nyumbani kwao.