Jiwe la Mama Zuhura

Jumamosi, Temeke

Eti asiye na Mungu hana cha kumzuia! Shemeji Agnesi, mke wa kaka, kanisema hivyo leo mbele ya foleni nzima ya sukari, pale duka la ushirika. Hasira bado inanichemka.

Sie alfajiri kila mtu huweka jiwe lake kushika nafasi, kisha hurudi nyumbani mpaka duka lifunguliwe. Leo Mama Zuhura, jirani yetu mjane, kakuta jiwe lake liko nyuma ya langu, naye anasema aliliweka mbele. Sukari ikaishia kwangu. Shemeji akanikazia macho: "Tangu uache kanisa, shemeji, unamwogopa nani?"

Nikamfokea kwamba Wagiriki wa kale walifundisha haki kabla Yesu hajazaliwa, na mie akili yangu inanitosha, simhitaji mchungaji wake. Watu wakacheka. Mjinga yule! Hajasoma hata ukurasa mmoja.

Kitabu changu cha hao Wagiriki kinasema mtu mwema ni mwema hata pasipo wa kumwona.

Alfajiri, nilipolisogeza lile jiwe, hapakuwa na mtu. Nilitazama kwanza pande zote.