Shikamoo Iliyochelewa

3 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko, na goti je? Mimi ni mzima, ila vidole vimeungua kidogo. Mama Dobi, mwenye duka, anasema hivyo ndivyo vyeti vya kazi hii. Pasi ya mvuke nimeshaizoea. Ukikanyaga kanyagio lake inatoa pumzi ndefu, nami naimba chini chini ndani ya ile pumzi, kwa sababu hapo hakuna anayenisikia.

Nina neno ambalo sijamwambia mtu mwingine. Kila Ijumaa tunapokea suti tano za bendi ya jazi inayopiga ukumbi wa mtaa wa pili. Mwimbaji wao ameolewa na kuhamia mbali, sasa wanatafuta mwingine. Nilimsikia mpiga besi akimweleza Mama Dobi. Nilitaka kusema mimi hapa. Mdomo ukafunguka, lakini sauti ilikuja ameshatoka mlangoni, nikabaki nayaambia makoti yaliyotundikwa.

Basi nikaandika kikaratasi: "Mnatafuta mwimbaji. Mimi naimba. Ni yule msichana wa pasi." Nikakitia kwenye mfuko wa koti lake, pamoja na kitambaa chake cha jasho. Tangu hapo usingizi sina. Kama hajakiona ni balaa, kama amekiona ni balaa zaidi.

Unakumbuka santuri zako tulizosikiliza mvua ikinyesha? Zote ninazo kichwani. Nataka kuimba hivyo mbele ya watu, Bibi. Nikishindwa safari hii, najijua, sitathubutu tena.

Mjukuu wako

14 Februari

Mke mwenzangu,

Salamu zako nimeziona. Nasema nimeziona, sijazisikia. Shikamoo ya karatasi mimi siitikii. Marahaba yako naiweka kabatini mpaka siku utakayoniamkia kwa sauti, nikusikie nikiwa chumba cha pili. Goti halijambo. Linaniamsha kila asubuhi, hilo halina aibu kama wewe.

Afadhali unaandika. Kwenye simu unanyamaza mpaka nadhani mtandao umekatika, kumbe ndiyo unajiandaa kusema hujambo.

Hiyo jazi imenichekesha. Enzi zetu kila bendi ilijiita Jazi, hata ya watu watatu na kopo. Mume wetu, babu yako, alinikanyaga vidole kwenye dansi ya bendi ya namna hiyo, akaona heri anioe kuliko kuniomba radhi.

Huyo mpiga besi akija, usijifiche nyuma ya mashuka. Maji umeshayavulia nguo, yaoge. Tena wewe mtu wa dobi, utayakimbilia wapi?

Bibi yako, mke mkubwa

2 Machi

Bibi wangu,

Shikamoo, hata kama inakwenda kabatini. Natumaini goti limepoa.

Kikaratasi alikiona. Alikitoa jukwaani alipotaka kujifuta jasho, akakisoma katikati ya wimbo, akakosea noti. Akaja dukani akauliza, mwandishi yuko wapi? Nilikuwa nyuma ya mashuka, Mama Dobi akanionyesha kwa kidole.

Jumanne jioni nilikwenda kwenye chumba chao cha mazoezi, juu ya duka la rangi. Vikombe vimejaa juu ya piano, na zulia limeliwa na miguu ya viti. Niliimba ule wimbo wa mwanamke anayemngoja mtu kituoni, wa santuri yako yenye mkwaruzo. Nilimwiga yule mwimbaji kila kitu, pumzi zake, kicheko chake kidogo. Hata pale sindano inaporuka, nami niliruka. Kumbe wimbo wenyewe una maneno mengine pale katikati. Mimi tangu utotoni najua ndivyo ulivyo.

Mpiga ngoma alicheka mpaka akaangusha fimbo. Mpiga besi hakucheka.

"Huyo namjua," akasema. "Santuri yake ninayo nyumbani. Wewe uko wapi?"

Wakaniambia niimbe bila kumwiga mtu. Hapo nikawa nachelewa. Piano imeshafika, mimi bado. Kila mstari nauanza wenzangu wameshapita. Mpiga piano akasema mimi ni kama mtu anayekimbilia basi viatu mkononi. Wamenipa nafasi moja tena, mwishoni mwa mwezi, kisha wataamua. Lakini sirudi, Bibi. Nimejaribu kujiharakisha mbele ya pasi, na nikiharakisha nakuwa na ile sauti yangu ya kuulizwa swali darasani.

Mjukuu wako aliyeshindwa

9 Machi

Mke mwenzangu mdogo,

Goti limepoa. Shikamoo yako iko kabatini na wenzake.

Ile ya sindano nimeicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Santuri ile aliikwaruza babu yako, alifuta vumbi kwa ufagio. Kwa hiyo hata yeye umemwiga, Mungu amrehemu.

Sasa nisikilize. Ulipokuwa mdogo, nikikutuma dukani, hukukutana na mtu mzima bila kumwamkia. Ila shikamoo yako ilitoka ameshapita. Watu walikuwa wanaitikia marahaba wakiwa kwenye kona, wanageuka kutafuta nani kasema. Mama yako alitaka kukuchapa, akidhani ni utovu wa adabu. Nikamkataza, kwa sababu kuna kitu nilikiona. Mtu aliyeamkiwa mapema huitikia huku anakwenda zake. Wako walisimama. Wengine walirudi kukutazama usoni, wakicheka.

Hukuwa unachelewa. Ulikuwa unaipima salamu, kama mtu anayepima kwa kiwiko maji ya kumwogesha mtoto. Basi rudi kwa hao watu, ukachelewe. Usikimbilie basi lao. Vaa viatu kwanza.

Bibi yako

27 Aprili

Bibi,

Nisamehe kwa kimya changu. Nilitaka niandike nikiwa na la kuandika. Hujambo? Mimi sijambo kabisa, sijapata kuwa hivi.

Nilirudi. Mpiga piano akaanza, mstari wangu ukafika, nikauacha upite kidogo, nikaimba nilipokuwa tayari. Akapunguza mwendo ili aningojee. Mpiga besi akasimamisha wote.

"Usimngoje," akamwambia. "Wewe tembea, atakukuta."

Tukaanza tena. Besi inatembea, tum, tum, tum, tum, haigeuki nyuma, nami nakuja taratibu nikijua iko wapi, na mwisho wa mstari tukafika mlangoni pamoja. Kila neno nilichelewa, Bibi, lakini mstari niliuwahi. Hakuna aliyesema nimepata. Mpiga ngoma aliniambia tu ninunue viatu vya soli nene, jukwaa lao lina misumari.

Jumapili hii alasiri ndipo nilipoimba mbele ya watu. Mama Dobi alinipigia pasi gauni kwa mkono wake, akakaa mbele kabisa na mkoba mapajani kama amekuja kliniki. Ukumbi ulijaa. Wimbo uleule. Ubeti wa kwanza watu walikuwa bado wanapiga soga. Ubeti wa pili nikaona watu wameweka vikombe chini.

Kisha ikafika sehemu ambayo maneno yanaisha, mwimbaji anabaki na sauti tu, anaichezea apendavyo. Nilikuwa na silabi zangu nilizozifanyia mazoezi. Zote zikapotea. Besi inatembea. Nikanyamaza. Mtu akaguna, mpiga piano akanitazama. Sikukimbia. Nikangoja kilicho chini kabisa kije juu chenyewe, na kilichopanda kikawa shikamoo.

Shi, nikaiacha. Ka, nikaivuta. Moo, nikaishusha ngazi moja moja mpaka kwa besi. Nikaipandisha tena, nikaikatakata, nikaigeuza, mooshika, kamooshi, nikaitupa mpaka darini. Zilikuwa ni zile shikamoo zote nilizoiambia migongo ya watu. Na ukumbi mzima ukanigeukia, kama wale wa kwenye kona. Mama Dobi anasema alitaka kuitikia, akajiziba mdomo, akahisi ina mwenyewe.

Walisimama, Bibi. Makofi yalikuwa kama mvua juu ya bati. Mpiga besi akasogelea kipaza sauti.

"Huyu," akasema, "santuri yake sina."

Sasa mimi ndiye mwimbaji wao. Siku nyingine bado napiga pasi, suti tano na gauni moja, langu. Mpiga ngoma alirekodi, nimeituma kwenye simu ya jirani yako. Sikiliza ukiwa chumba cha pili.

Mjukuu wako, mwimbaji

6 Mei

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, na goti limenyamaza lenyewe, nadhani kwa heshima.

Jirani alileta simu. Nikamwambia aiweke mezani, mimi nikaenda chumba cha pili, nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Nikakusikia unakuja, kisha kimya. Jirani akagonga, akasema simu imeharibika. Nikamwambia, "Tulia, huyo namjua."

Ikaja. Nikaisikia yote, ikapita ukutani kama ukuta haupo. Makofi yakaisha, jirani akachukua simu yake akaenda zake, na mimi bado nimekaa, neno halitoki. Alipokuwa ameshafika kwenye kona ndipo likanitoka, kwa nguvu, mpaka akarudi mbio kuuliza nani kaniamkia.

Marahaba, mwanangu. Kabati ni tupu. Na sasa unajua kuchelewa umekurithi kwa nani.

Bibi yako