Ufagio wa Hemedi

Kaka Mfaume,

Assalaam alaykum. Huku Songo Mnara hatujambo, na mbuzi wako kazaa pacha.

Ile adhabu ya mwanangu Hemedi, ya kufagia uwanja wa zahanati badala ya kwenda jela, imeisha leo. Afisa wa uangalizi hana boti ya kuvukia, kwa hiyo humpigia nesi simu na kuuliza kama uwanja umefagiwa. Habari za Hemedi haulizi. Nesi hujibu umefagiwa, na ni kweli. Hata tangu tumzike Hemedi, unafagiwa vilevile. Ufagio nimeuficha uvunguni kwangu, lakini kila asubuhi naukuta umelowa umande.

Afisa kasema Hemedi aambiwe apumzike. Nesi kanitazama mimi mama yake. Sijamwambia, kaka. Akipumzika, alfajiri sitamsikia tena akifagia.

Nduguyo,
Somoe