Jumamosi za Kaka

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa pale dirishani unapopenda, miwani usoni na kikombe cha chai mkononi. Mimi mwili haujambo. Nakula, nalala, na gari la mikate bado linawaka asubuhi likibembelezwa. Presha yako imetulia? Ile dawa mpya bado inakupa kizunguzungu, au daktari amekubadilishia kama alivyoahidi? Mjukuu wako alinipigia kutoka chuoni akalalamika kwamba umeanza tena kumkemea kwa simu, nikafurahi, maana nilijua basi unaendelea vizuri.

Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, kwa simu nimejaribu. Kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za dawa, kisha naaga. Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii mwenyewe, usimpe jirani akusomee, hata kama mwandiko wangu unafanana na kuku aliyekanyaga wino.

Ni habari za marehemu kaka. Kusema kweli mpaka sasa sijazielewa sawasawa, nitakueleza tu kama zilivyonijia.

Unajua jinsi Jumamosi kaka alivyokuwa hapatikani. Ukimtafuta, shemeji alikuwa anasema yuko kazini, kuna bomba limepasuka huko nje ya mji. Sote tulikuwa tunamwonea huruma. Sasa, msiba ulipokwisha na watu wakatawanyika, simu ya kaka, ambayo shemeji bado alikuwa anaichaji kama vile mwenyewe ametoka kidogo tu, ikalia. Alikuwa mwanamke. Alimwulizia kaka kwa sauti ya mtu aliyezoea, akasema ni Jumamosi nyingi hajamwona, na miwani yake ya kusomea bado iko kwake. Shemeji akamwambia mwenye miwani amefariki. Yule mwanamke akaanza kulia. Shemeji akakata simu.

Siku hiyohiyo alinifuata kazini, pale tunapopakia mikate, akaniuliza mbele ya wenzangu kama nilikuwa najua. Nikamwambia sijui lolote. Hakuniamini. Alisema sisi wanaume wa tumbo moja tunafichiana. Kisha akanikazia macho, akasema, "Kaka yako alikuwa na mtu. Na wewe utanipeleka nikamwone."

Ilipofika Jumamosi nikampeleka. Tulikuwa tumempigia yule mwanamke atuelekeze, na maelekezo yake yalitufikisha kwenye jengo refu lenye bati lililoliwa na kutu, nje kuna kibao: Makumbusho ya Chumvi. Mama, nimeishi mji huu miaka yote bila kujua kuna kitu kama hicho. Sisi watu wa baharini, chumvi tunaioga, nani angelipa kiingilio aende kuitazama? Shemeji alikuwa amevaa gauni lake zuri kuliko yote. Niliona amejiandaa kwa vita.

Mlangoni tukamkuta mama wa makamo, mguu mmoja umefungwa bandeji, anakata tiketi. Ndiye aliyepiga simu. Alitutolea miwani ya kaka, ameifunga kwa karatasi laini kama yai, akalia tena. Shemeji akamwuliza waziwazi kaka alikuwa nani kwake. Yule mama hakuelewa swali. Alipolielewa aliudhika, kisha akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akatutembeza. Alisema kaka alikuwa anafika, anakata tiketi, anasoma vibao vyote kana kwamba hajawahi kuvisoma, kisha anakaa kwenye kiti karibu na mashine ya kusagia chumvi mpaka wanapofunga. Hakuwa anazungumza sana. Walimwita Bwana Kimya.

Bwana Kimya, Mama! Yule yule ambaye chakula kilikuwa kinapoa sahanini kwa jinsi alivyokuwa anaongea. Nilidhani labda tumekosea mtu. Lakini miwani ilikuwa yake, na mkono mmoja wa miwani hiyo, uliofungwa kwa uzi, nilimfungia mimi.

Yule mama akasema pia kwamba kaka alikuwa na makumbusho mengine anayopenda, ya treni na ya redio, na mara nyingine alimsimulia. Shemeji akashika hapo hapo. Akaamua kwamba kama mwanamke hayuko kwenye chumvi, basi yuko kwenye treni.

Basi Jumamosi iliyofuata tukaenda kwenye treni. Ni stesheni ya zamani ambayo reli yake imeng'olewa, yamebaki mabehewa machache yanayopakwa rangi kila mwaka ili yaendelee kutokwenda popote. Mwangalizi alimkumbuka kaka mara moja. Alisema alikuwa anaingia behewa la daraja la tatu, anakaa dirishani, anatazama ukuta. Kwenye redio ikawa vilevile. Nyumba ile inaendeshwa na wadada wawili waliorithi redio za baba yao, sebule nzima hakuna pa kuweka mguu. Walituonyesha kochi alilokuwa anakaa, wakatupa pole, wakasema alikuwa mgeni mwenye adabu.

Shemeji alitoka pale amekasirika kuliko tulipoanza. Ndani ya gari alisema, "Mwanamke ningemwelewa. Ningejua pa kupeleka hasira zangu. Sasa nimkasirikie nani, behewa?"

Hata mimi nilikuwa nimechanganyikiwa. Njiani tulianza kusimuliana habari za kaka, tukaona hazilingani. Mimi nilisema anaogopa mbwa, yeye akasema alimsumbua miaka mingi wafuge mbwa. Nilisema hapendi muziki, akasema alikuwa anaimba akioga, tena vibaya. Tulikuwa kama watu wawili waliofiwa na watu wawili tofauti.

Mahali pa mwisho tulipotajiwa na wale wadada ni nyumba ya pampu, kule juu ambako zamani walikuwa wanasukuma maji ya mji. Siku hizi ni makumbusho nayo. Pampu ni kubwa kama ng'ombe, zimepangwa mstari, kila moja na kibao cha USIGUSE. Nje uani kuna benchi, na pembeni ya benchi kuna koki inayovuja. Tone, tone, tone. Hata mimi muuza mikate ilinikera.

Mwenye funguo za pale ni bwana mmoja mchangamfu. Alituambia kwamba benchi lile ndilo lilikuwa la kaka. Siku moja alimwona na mfuko wa spana ndani ya gari, akajua kumbe Bwana Kimya ni fundi bomba, akamwomba amkazie ile koki. Kaka akakataa. Kwa upole, anavyosema huyo bwana, lakini akakataa. Shemeji akamwuliza alikataa kwa maneno gani. Yule bwana akasema:

"Alisema, kila mtu akiniona anakumbuka kitu kilichoharibika kwake. Hapa vitu vimeharibika na hakuna anayenitazama mimi."

Mama, sijui kama nafanya vizuri kukuandikia hayo. Nimeyafuta mara ya kwanza, nikayarudisha. Sikuandikii ili yakuume. Sote tulimpenda, na sote tulimpenda akiwa ameinama chini ya sinki.

Shemeji alikaa kwenye lile benchi. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kisha vyote viwili vikaja pamoja. Aliniambia kwamba miaka yote alimwona mumewe amechoka, akadhani amechoka na yeye. Hakuwahi kumwuliza, kwa kuogopa jibu. Tulikaa pale tukisikiliza maji yakidondoka na hakuna aliyeinuka kufunga koki, mpaka yule bwana akaja na funguo zake kutuaga.

Ningependa kukuambia kwamba habari imeishia hapo. Tulichokuwa tunatafuta tumekipata, mwanamke hakuwepo, heshima ya kaka imebaki palepale.

Lakini Jumamosi iliyofuata nilimpitia shemeji, naye alikuwa ameshavaa viatu. Hakuna aliyesema tumemaliza. Tukaenda kwenye makumbusho ya mashine za kushonea viatu, mahali ambapo kaka hakuwahi kukanyaga. Tukaenda kwingine, kulikojaa mizani, wageni siku nzima tulikuwa sisi tu. Shemeji akawa anasoma vibao kwa sauti ya mtangazaji wa habari, na mimi nacheka mpaka mwangalizi anatutolea macho. Nikaanza kunyoa ndevu Ijumaa jioni. Wenzangu kazini wakaniuliza kama nimepata kazi benki.

Jumamosi iliyopita aliingia kwenye gari, akafunga mkanda, nilipotaka kuwasha akanizuia mkono. Akaniuliza, "Sasa tunatafuta nini?"

Nilitaka kusema tunatembea tu. Badala yake, Mama, nikamwambia ukweli. Nikamwambia mimi sitafuti tena, kwamba nangojea Jumamosi tangu Jumapili, na kwamba ninayemngojea ni yeye. Nilisema hivyo nikiwa nimeshika usukani wa gari lililozimwa, kama mjinga.

Alitazama barabara. Kisha akasema, "Mwambie mama kwanza. Mimi nimeshadanganywa Jumamosi nyingi. Sitaki na mimi nimdanganye mtu." Akafungua mkanda, akashuka, akafunga mlango taratibu, akaingia ndani.

Basi ndiyo nakuambia. Nampenda mke wa kaka yangu. Mkwe ninayetaka kukuletea ni yule yule uliyewahi kumpokea, ukamlilia siku ya harusi na ukalia naye siku ya mazishi. Sijui nikuombe radhi au nikuombe baraka. Nimejiuliza kama ni yeye ninayempenda au ni kaka ninayemtafuta ndani yake, na kila siku napata jibu lingine. Kitu kimoja tu ndicho kisichobadilika. Kule kwenye mizani, mahali ambapo kaka hakuwahi kufika na hakuna aliyemtaja, sikutaka kurudi nyumbani.

Sikuombi ruhusa, maana nina mvi. Au labda naomba. Kama moyo wako utakataa, niambie mapema, nami nitajua namna ya kuishi na jibu hilo. Kama hutaki kusema lolote kwa sasa, basi nitumie hata habari ya presha, nitaelewa kwamba umesoma.

Mjukuu wako bado hajui habari za mama yake na mimi. Shemeji anataka kumwambia mwenyewe, uso kwa uso, baada ya kusikia kutoka kwako, na nakuomba umwachie hilo.

Wasalimie wote wa hapo, na jirani pia, ingawa barua hii si yake. Kunywa dawa zako baada ya kula, si kabla. Shemeji naye anakusalimu sana. Nilimpigia kumwuliza nimtaje vipi katika barua hii, nimwite shemeji au nimwite kwa namna nyingine. Akasema niandike shemeji, kwa sasa. Maneno hayo mawili nimeyageuza kichwani wiki nzima, Mama, na Jumamosi hii sitakwenda popote.

Ni mimi mwanao, wa mwisho kuzaliwa.