Swali Nililomjibia Mama

Dada yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na ninavyojijua, nikianza na salamu nitalikimbia. Juzi hospitalini nilimjibia mama swali la daktari bila kumuuliza mwenyewe, na kwa jibu langu hilo ameandikiwa dawa anayotakiwa kuanza kuimeza jioni ya leo.

Sasa hodi, maana nimeingia bila kubisha. Hujambo dada? Shemeji hajambo? Mwanao ameota meno, au bado anakung'ata kwa fizi? Huku baba ni mzima, ila mgongo unamkumbusha kila friji aliyowahi kuibeba kwenda kuitengeneza. Mimi ni mzima wa mwili. Najua utashangaa kuona Kiswahili kitupu, wakati siri zetu tangu zamani tunaziandika kwa lugha ya shule ili mama asizisome. Leo lugha ile sikuitaka. Ndiyo iliyoniponza.

Kwenye simu uliambiwa mama anaumwa miguu. Baba alisema hivyo kwa sababu mama alimkataza kukutia hofu. Dada, si miguu tu. Ilianza na vidole. Asubuhi alikuwa anashindwa kutunga uzi kwenye sindano, akawa ananiita nimtungie, huku akinitania kwamba hatimaye Konokono wake amepata kazi ya kulipwa chai. Halafu mashavu yakaiva, madoa yakavuka mpaka juu ya pua, tukadhani ni jua. Miguu ikajaa, pedali ya cherehani ikawa inamwachia mistari kwenye unyayo, na ukimbonyeza kifundo shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Mkojo nao, samahani dada, ukawa na povu kama maji ya kufulia.

Hospitalini walimchoma sindano mgongoni, wakachukua kipande kidogo cha figo wakipime. Daktari wa figo ni mgeni. Kiswahili chake ni maneno mawili tu, pole na asante, na huyachanganya: siku ile ya sindano mama alipoguna, yeye alisema asante. Baba amempa jina, Bwana Asante. Kwa kawaida nesi mmoja ndiye humtafsiria, lakini juzi tulipokwenda kuchukua majibu nesi alikuwa ameitwa wodini, na mlangoni wakasema mgonjwa aingie na mtu mmoja. Baba akasogea mbele. Mama akamrudisha benchi, akasema ana mkalimani wake aliyemsomesha mwenyewe, na leo anakwenda kuidai ile ada. Watu wa kwenye foleni wakacheka. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Mwanzoni nilifanya vizuri, dada, nakuapia. Nilimweleza mama kwamba ugonjwa wake unaitwa lupus. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, imegeuka na kuushambulia mwili wenyewe, na sasa imezifikia figo. Mama akasema kumbe kikulacho ki nguoni mwako ni maneno ya hospitali, na kwamba yeye fundi nguo angepaswa kulijua hilo zamani. Nilipomfasiria daktari msemo huo, aliomba niurudie taratibu, akauandika kwenye kijikaratasi chake.

Kisha akaeleza matibabu. Ile dripu ya steroidi waliyomtundikia wiki iliyopita ni ya kuuzima moto haraka, na vidonge vyake ataendelea navyo, vikipunguzwa kidogo kidogo. Asivikatishe ghafla kwa kujisikia nafuu. Kipo kidonge kingine, ambacho hapo zamani kilikuwa cha malaria, hicho ni cha kila siku, cha kuutuliza ugonjwa usirudi. Lakini figo zinahitaji dawa yenye nguvu zaidi ya kuishusha ile kinga, na hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni dripu nyingine, ya kwenda hospitalini kila baada ya muda. Ya pili ni vidonge vya asubuhi na jioni nyumbani. Mama aliuliza ikiwa asipotumia yoyote itakuwaje. Daktari hakumficha: figo zitaendelea kuchakaa mpaka damu isafishwe kwa mashine. Mama akachagua vidonge. Alisema shule zinakaribia kufunguliwa, sare zimerundikana, hawezi kukaa kitini anahesabu matone wakati wateja wanamhesabu yeye.

Duka la dawa la hospitali vidonge hivyo viliwaishia. Wakasema baba arudi leo.

Leo asubuhi nilikuwa nyuma ya pazia, pale chumba cha kushonea, napiga pasi mashati. Mama mdogo alikuja kumsaidia mama kushona vifungo. Nadhani walisahau kwamba nipo. Mimi husahaulika kirahisi, unajua. Mama mdogo akamtania dada yake kwamba gauni linamlalamikia, hizo steroidi zimeshaanza kumnenepesha. Mama hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amejipima mwenyewe kwa futi yake. Maji ya ugonjwa, alisema, yeye anayafahamu sasa, yanakaa miguuni na usoni. Hiki kilichoongezeka kimekaa mbele. Na yeye amewapima wanawake wengi mno katika maisha yake, ataacha kulitambua tumbo la mimba, tena la kwake? Kisha akasema huu ni mwezi wa tatu hajaziona siku zake.

Mama mdogo alipiga kigelegele akakimeza katikati. Akauliza kama shemeji yake anajua. Mama akajibu bado, mzee ana hofu ya ugonjwa inamtosha, akiongezewa na hii atadondosha friji ya watu. Wakacheka wote wawili, dada, wakacheka kama wasichana. Halafu mama mdogo akauliza kama dawa anazopewa hazitamdhuru mtoto.

Mama akamwambia asiwe na wasiwasi. Bwana Asante ni bingwa, alisema, amempima damu, amempima mkojo, amechukua hata nyama ya figo. Kama mambo haya yangekuwa na shida, angeuliza. Na hakuuliza. Mwanangu alikuwepo, alisema, kanifasiria neno kwa neno.

Sikuinyanyua pasi. Sikumbuki hata kama nilikuwa nimeishika. Nilisikia harufu kwanza, kisha mama mdogo akalivuta pazia na kupiga kelele kwamba huyu mtoto analala wima kama farasi. Ukosi wa shati la mtoto wa watu ulikuwa umeungua, alama nyeusi yenye ncha. Nilimtazama mama nikasubiri anigombeze. Akalishika shati, akaligeuza, akaniambia si kitu, mwanangu, ukosi hutolewa ukawekwa mwingine.

Dada, daktari aliuliza.

Aliuliza waziwazi, kabla ya kuandika dawa. Alisema vidonge vile na mimba havikai nyumba moja. Vinaweza kuiharibu, au mtoto akazaliwa na kasoro. Ile dripu ya njia ya kwanza nayo si rafiki wa uzazi. Ila kama kuna uwezekano wowote ajulishwe, alisema, kwani zipo dawa nyingine zinazopatana na mimba, na yeye ataipanga njia nyingine tangu mwanzo. Akaniambia nimuulize mama siku zake za mwisho zilikuwa lini. Wakati huohuo alikuwa ameshaanza kukiandika kipimo cha mimba kwenye karatasi ya maabara.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Lakini nimuulize mama yangu mzazi habari za siku zake? Mimi ambaye ukinituma dukani pedi zako nilikuwa narudi na kiberiti? Mama akaniuliza kasemaje huyo, mbona umebaki umeduwaa. Nikamwambia anauliza kama unalala vizuri. Mama akasema nimjibu kwamba analala kama gogo, anayekoroma ni mwenye nyumba aliye huko kwenye benchi. Basi nikamgeukia daktari, na kwa ile lugha ya shule niliyopewa zawadi yake jukwaani, nikamwambia kwamba mama anasema mambo hayo yalishampita miaka mingi.

Daktari akakikata kile kipimo kwa mstari mmoja wa kalamu. Akamwambia mama asante. Mama akamwambia karibu. Nami nilikuwa katikati yao, nikifurahi kwamba yameisha.

Nilitaka kukuomba umpigie mama umuulize wewe, mwanamke kwa mwanamke, na umwambie asivimeze vile vipya mpaka daktari ajue, ila vile vya zamani asiviache. Simu nimeishika tangu mchana, namba yako naiandika na kuifuta. Nikachukua kalamu. Lakini barua haiwezi kukufikia kabla ya jioni. Hilo nililijua tangu mstari wa kwanza, na bado nimeandika.

Pikipiki ya baba imeingia sasa hivi. Nimemsikia akitamba kwamba zimepatikana, dozi nzima. Nisalimie shemeji, mbusu mtoto kwenye ile fizi yake. Mama mdogo anakusalimu, anasema umemsahau.

Namsikia mama akimwambia baba kwamba maandishi ya kwenye kiboksi ni ya lugha ya Konokono, ngoja amfuate amsomee. Ndara zake zinakuja huku, polepole, kwa sababu ya miguu. Vidonge vinacheza ndani ya kiboksi kila anapokanyaga.

Karatasi hii nimeisukuma chini ya daftari. Nimeitoa. Imeandikwa Kiswahili, dada, anaweza kuisoma mwenyewe bila mkalimani. Naiacha wazi juu ya meza, na ikikufikia ujue imepitia mikononi mwake.

Ni mimi mdogo wako,
Konokono